Kusoma kwa Kujifurahisha katika Darasa la Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika kila kipindi cha mazoezi ya kufundisha, wanachuo hutuletea maandalio mazuri ya somo la Kusoma. Maandalio hayo huonyesha maneno magumu yatakayoandikwa ubaoni, aya ambayo mwalimu ataisoma kwa mfano, zamu za wanafunzi kusoma kwa sauti, na mwisho maswali ya ufahamu. Hatuna ugomvi na utaratibu huo, kwa sababu mtoto hawezi kujua kusoma asipofundishwa. Lakini kila tunapokaa nyuma ya darasa na kuangalia kipindi kama hicho, hujiuliza swali ambalo andalio halilijibu: kengele ikilia, ni wangapi kati ya watoto hawa watakaofungua tena kitabu kwa hiari yao?

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuwazoeza wanafunzi wake kusoma kwa kujifurahisha, ndani ya darasa lake mwenyewe na kwa vifaa vichache alivyo navyo. Hoja yetu ni moja. Mtoto hujenga tabia ya kusoma anapopewa kitabu, muda na uhuru wa kuchagua, na anapokuwa na hakika kwamba usomaji huo hautafuatwa na mtihani wala adhabu. Likikosekana lolote kati ya hayo, mtoto atajua kusoma lakini hatakuwa msomaji.

Kosa tulilolifanya sisi wenyewe

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu, ili mwanachuo asidhani kuwa tunayoyasema tumezaliwa nayo.

Tulipoanza kazi ya ualimu tulikabidhiwa darasa la nne lenye wanafunzi zaidi ya hamsini. Siku moja, katika somo la Kusoma, wanafunzi walikuwa wakisoma kwa zamu hadithi ambayo wote walikwisha kuijua tangu wiki iliyotangulia. Katika deski la nyuma mvulana mmoja aliinamisha kichwa. Tulimwendea polepole, tukamkuta amekunjua kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa karanga, anasoma habari za mchezo wa mpira. Zamu yake ilipofika hakujua wenzake wamefika mstari gani. Tulimnyang'anya gazeti lile, tukalichana, tukamsimamisha mbele ya darasa mpaka kipindi kikaisha.

Ilituchukua miaka kadhaa kutambua tulilolitenda. Katika darasa zima, aliyekuwa akisoma kweli siku ile alikuwa mmoja tu, naye ndiye tuliyemwadhibu. Wenzake walikuwa wakitamka maneno na kungoja kengele. Yeye alikuwa akitafuta habari kwa macho yake mwenyewe, katika maandishi magumu kuliko ya kitabu chetu, bila kuamriwa na mtu. Baada ya siku ile hatukumwona tena akisoma kitu ambacho hakuagizwa kukisoma.

Wakati huohuo, katika ofisi ya shule lilikuwamo kabati lenye vitabu vya hadithi, na ufunguo tulikuwa nao sisi. Vitabu vile viliandikwa katika leja, na kila mwisho wa mwaka tulivihesabu, hesabu ikawa kamili. Tulijisifu kwa uangalifu wetu. Mwaka mmoja baada ya masika tulifungua kabati tukakuta mchwa wamepanda kwa nyuma na kula rafu mbili nzima. Vitabu vile viliteketea bila kuguswa na mkono wa mtoto. Tangu hapo tumeamini kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza wajibu wake, na kitabu kilicholiwa na mchwa kabatini ndicho kilichopotea.

Maana ya kusoma kwa kujifurahisha

Kusoma kwa kujifurahisha ni kusoma ambako msomaji huchagua mwenyewe kitabu, husoma kwa mwendo wake, na ana ruhusa ya kukiacha kisipompendeza. Thawabu ya kusoma huko ni hadithi yenyewe. Hili si jambo geni katika mila zetu. Jioni bibi anaposema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", hapana anayewalazimisha watoto kusogea karibu. Bibi humaliza hadithi yake, na wala hawapangi wajukuu mstari awaulize maswali kumi na kuwapa alama. Hata hivyo wajukuu huikumbuka hadithi ile, huisimulia kwa wenzao, na kesho yake humwomba bibi airudie. Mwalimu anayetaka watoto wapende vitabu na ajifunze kwa bibi huyo.

Isidhaniwe kuwa tunataka maswali ya ufahamu yaondolewe katika muhtasari. Somo la ufahamu lina mahali pake na lazima liendelee. Tunachokitetea ni kwamba pawepo pia muda mfupi, wa kila siku au wa kila wiki, ambao mtihani hauruhusiwi kuingia.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Stadi isiyotumiwa hufifia. Taifa letu lilijifunza hayo wakati wa kampeni za kisomo cha watu wazima katika miaka ya 1970. Ilionekana mapema kwamba mtu mzima aliyefaulu kusoma angerudi katika kutojua iwapo asingepata cha kusoma. Ndiyo sababu zilianzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini kama vile Elimu Haina Mwisho. Mtoto wa darasa la tatu yumo katika hatari iyo hiyo. Akimaliza kitabu cha kiada na asione kingine, atabaki akikariri kile alichokwisha kukijua.

Wapo walimu wenzetu wasemao kwamba kusoma hadithi ni kupoteza muda wa kujitayarisha kwa mtihani. Kwao tunatoa mfano wa visiwa vya Fiji. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walianza uchunguzi katika shule 12 za msingi za vijijini, zilizokuwa na vitabu vichache sana. Shule 8 zilipewa vitabu 250 vya hadithi kwa kila darasa lililohusika, yaani la nne na la tano. Katika baadhi ya shule hizo watoto walipewa muda wa kusoma kimya vitabu walivyovichagua; katika nyingine walimu walisoma vitabu pamoja na watoto na kuvizungumzia. Shule 4 zilizobaki ziliendelea na mafunzo ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983. Baada ya miezi minane tu, watoto waliopewa vitabu walikuwa wameendelea katika kusoma na kusikiliza kwa ufahamu kwa kasi mara mbili ya kawaida. Baada ya mwaka wa pili maendeleo hayo yalikuwa yameenea hadi katika stadi nyingine za lugha.

Vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo watoto wale hawakuzaliwa nayo. Jambo hilo latuhusu. Watoto wetu wengi huanza shule wakizungumza Kisukuma, Kihaya, Kimakonde au lugha nyingine ya nyumbani, na Kiswahili wanakijua nusunusu. Kwao kitabu cha hadithi ni mwalimu wa pili wa Kiswahili, na mwalimu huyo hachoki kurudia.

Hatua za kufuata

(a) Mwalimu awasomee wanafunzi

Hatua ya kwanza haihitaji zaidi ya kitabu kimoja. Kila siku, kwa dakika kumi, mwalimu awasomee wanafunzi hadithi. Asome polepole, abadili sauti kwa kila mhusika, na ainue macho kutazama nyuso za wasikilizaji wake. Ni lazima aisome hadithi hiyo mapema nyumbani, kwani mwalimu anayejikwaa hawezi kuwavuta wengine.

Mwalimu ajue pia mahali pa kukomea. Tuchukue hadithi ya Sungura aliyekataa kuchimba kisima pamoja na wanyama wenzake. Nyani amewekwa mlinzi. Sungura anakuja na kibuyu cha asali, anamwonjesha Nyani kidogo, kisha anamwambia kuwa asali hii hailiwi ila na mtu aliyefungwa mikono. Nyani anainyosha mikono yake. Hapo mwalimu afunge kitabu, akiweke juu ya meza mahali watoto wanapoweza kukifikia, aende zake. Tumeona mara nyingi kwamba kabla ya mwalimu kufika mlangoni, watoto watatu au wanne wamekwisha kukizunguka kitabu kile. Hao wamesoma kwa hiari.

Kwa madarasa ya juu mwalimu anaweza kuchagua hadithi ndefu na kuisoma kwa sehemu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, inafaa sana kusomwa hivyo katika darasa la sita au la saba. Lugha yake ni nzito kwa mtoto anayesoma peke yake, lakini kitendawili cha manyani wanaochapwa kila usiku humfanya avumilie mpaka ajue sababu yake. Hekaya za Abunuwasi nazo hazijapata kukosa wasikilizaji.

(b) Vitabu viwe mahali vinapoonekana

Kitabu kilichofungiwa hakisomwi. Mwalimu asiye na rafu anaweza kufunga kamba ya katani kutoka msumari mmoja hadi mwingine ukutani, akavitundika vitabu vikiwa vimefunguliwa katikati, majalada yakitazama darasa. Sanduku la mbao au boksi la sabuni hutosha pia. Vitabu vivikwe jalada la karatasi ngumu, na vinavyochanika vitengenezwe na wanafunzi kwa gundi ya uji wa muhogo.

Wachaguliwe wanafunzi wawili kuwa wakutubi wa darasa kwa mwezi mmoja. Wapewe daftari lenye safu nne: tarehe, jina la mwanafunzi, jina la kitabu, na tarehe ya kurudisha. Mtoto akipoteza kitabu, aelekezwe kwa upole na ashiriki kutengeneza kingine. Mwalimu mkuu aelezwe utaratibu huu mapema na aombwe idhini yake, ili vitabu vitakavyochakaa viandikwe katika leja kuwa vimechakaa kwa matumizi.

(c) Mtoto achague mwenyewe

Sisi walimu hupenda kumpa mtoto kitabu chenye mafunzo mema, na hatukosei kupenda hivyo. Lakini mtoto anayependa mpira, mashetani, wanyama wakali au vichekesho aruhusiwe kuanza na hivyo. Asikatazwe kurudia kitabu kimoja mara tano, wala asichekwe kwa kuchagua kitabu cha darasa la chini. Mwanafunzi wa darasa la tano anayesoma kwa shida atapata nguvu katika kitabu chepesi anachokimaliza, naye atakata tamaa katika kile kigumu alichopewa kwa ajili ya heshima ya darasa lake.

(d) Mwalimu naye asome

Mwana hutazama kisogo cha nina. Wakati wa kusoma kimya mwalimu asisahihishe madaftari, asipange azimio la kazi, wala asitoke nje kuzungumza. Akae mbele ya darasa na kitabu chake mwenyewe, asome. Akicheka, acheke. Watoto wengi hawajapata kumwona mtu mzima akisoma kitu kisichokuwa barua ya ofisi, kitabu cha dini au kitabu cha kufundishia. Mwalimu atakuwa wa kwanza kuwaonyesha.

(e) Mazungumzo badala ya maswali ya kutega

Baada ya kusoma, watoto wapewe nafasi ya kuzungumza. Hapa ndipo walimu wengi hurudi katika mtihani bila kujua. "Sungura alibeba nini?" ni swali la kupima, jibu lake ni moja, na asiyelijua huona haya. Lakini mwalimu akiuliza, "Nani kati yenu alitaka Sungura akamatwe, na nani alitaka aponyoke?" darasa litagawanyika, na kila upande utatafuta hoja zake kitabuni. Mwalimu akiuliza, "Ungekuwa wewe Nyani, ungeionja asali ile?" hata mtoto mnyamavu atakuwa na neno. Maswali ya namna hii hayatolewi alama. Mtoto asiyependa kusema aachwe anyamaze.

(f) Darasa litengeneze vitabu vyake

Penye uhaba wa vitabu, darasa ni kiwanda. Wanafunzi waagizwe kuuliza hadithi kwa babu, bibi na majirani. Mmoja asimulie darasani, mwalimu aandike ubaoni kwa maneno ya mtoto yaliyonyoshwa kidogo, wengine wanakili na kuchora picha. Kurasa zishonwe kwa uzi na kuandikwa jina la msimulizi juu ya jalada. Tumeshuhudia kwamba vitabu vya namna hii ndivyo huazimwa kuliko vyote, kwa maana kila mtoto hutaka kusoma alichokitunga rafiki yake.

Kwa darasa la kwanza na la pili, mwalimu atengeneze kitabu kikubwa kwa karatasi za manila. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kuonekana na mtoto aliyekaa nyuma, na kila ukurasa uwe na picha na sentensi moja au mbili. Mwalimu asome akifuatisha maneno kwa kijiti, na watoto waitikie sehemu zinazojirudia. Njia hii ya kusoma pamoja kitabu kikubwa ilienezwa na walimu wa New Zealand, hasa Don Holdaway, katika miaka ya 1970, nayo inapatana sana na desturi yetu ya kuitikia hadithi.

Mfano wa kipindi

Tunatoa hapa mfano wa kipindi cha dakika 40 kwa darasa la tatu lenye wanafunzi 60 na vitabu 15.

Dakika 10: Mwalimu anawasomea wanafunzi wote sehemu ya hadithi na kukomea mahali patamu.

Dakika 3: Kuchagua vitabu. Wanafunzi 30 wa kundi la kwanza wanakaa wawiliwawili, kila jozi na kitabu kimoja. Kundi la pili wanachora na kuandika juu ya hadithi waliyosikia, kwa ajili ya kitabu cha darasa. Siku inayofuata makundi yanabadilishana.

Dakika 17: Kusoma kimya. Mwalimu naye anasoma. Jozi inaruhusiwa kunong'ona. Kitabu kisichopendeza kinaweza kubadilishwa mara moja.

Dakika 8: Mazungumzo. Wanafunzi wawili au watatu wanaojitolea wanawaambia wenzao jambo lililowachekesha, kuwaogopesha au kuwashangaza. Hawasimulii mwisho wa hadithi.

Dakika 2: Wakutubi wanakusanya vitabu na kuandika majina ya wanaoazima.

Mwanachuo asiyeweza kupata kipindi kizima na aanze na dakika kumi za kuwasomea watoto kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Matatizo na namna ya kuyakabili

Uhaba wa vitabu ni tatizo la kweli, lakini si mahali pote ni kukubwa kama tunavyosema. Mwalimu na atazame kwanza katika kabati la shule. Kisha aulizie maktaba ya mkoa, ambayo ni sehemu ya huduma za maktaba zilizowekwa na sheria tangu mwaka 1963. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya hadithi kwa Kiswahili, na baadhi yake vimo shuleni vikisubiri kufunguliwa. Penye umeme na intaneti, hadithi fupi za Kiswahili zinazoruhusiwa kunakiliwa bure hupatikana katika African Storybook, mkusanyiko ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014. Nakala moja iliyochapwa na kushonwa yaweza kupita mikononi mwa darasa zima.

Tatizo la pili ni mwalimu mwenyewe kurudia mazoea. Tunawatahadharisha wanachuo juu ya mambo manne. Kusoma kusitumiwe kamwe kuwa adhabu, kwani mtoto aliyefungiwa ndani na kitabu wakati wenzake wanacheza ataunganisha kitabu na kifungo. Mashindano ya nani amemaliza vitabu vingi yaepukwe. Huwafanya watoto kufunua kurasa bila kusoma, na huwaaibisha wanaokwenda polepole. Muhtasari wa kuandika usidaiwe kwa kila kitabu. Na muda wa kusoma usichukuliwe kila mara kunapotokea shughuli nyingine, maana watoto watajua upesi kwamba mwalimu hauthamini.

Tatizo la tatu ni watoto ambao bado hawajajua kusoma. Hao wasiachwe nje. Wapewe vitabu vya picha, wakae jozi na msomaji mzuri mwenye subira, nao wasikilize hadithi pamoja na wengine. Mara nyingi hamu ya kujua Sungura alikamatwaje ndiyo itakayomfanya mtoto huyo akubali taabu ya silabi.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kusoma kwa kujifurahisha hakuhitaji jengo wala fedha nyingi. Kunahitaji mwalimu anayefungua kabati, anayesoma kwa sauti, na anayejizuia kuuliza na kupima kwa muda wa dakika chache. Kujizuia huko si kwepesi, kwa kuwa chuoni tunawafunza kuuliza na kupima.

Mwanachuo, utakapopelekwa shuleni, huenda utamkuta katika deski la nyuma mtoto anayesoma kipande cha gazeti wakati wa somo lako. Usilichane. Baada ya kipindi mwite, muulize amesoma nini, kisha mpe kitabu aende nacho nyumbani.

Kazi kwa wanachuo

1. Tembelea shule ya msingi iliyo karibu na chuo. Kwa idhini ya mwalimu mkuu, tazama vitabu vya hadithi vilivyopo na andika ni vingapi vilivyoazimwa na wanafunzi mwaka huu.

2. Chagua hadithi moja ya kwenu. Itayarishe kwa kuisoma mbele ya darasa, na weka alama mahali utakapokomea. Eleza kwa wenzako kwa nini umechagua mahali hapo.

3. Kwa kushirikiana na wenzako wawili, tengeneza kitabu kikubwa cha kurasa nane kwa darasa la kwanza, na ukitumie katika mazoezi ya kufundisha.

4. Jadilianeni: ni kitabu gani cha kwanza mlichokisoma bila kuamriwa, na nani aliyewawezesha kukipata?